Masta ya falsafa: krediti 180 za hapa, 60 za Ubelgiji, 30 za Marekani. Zinalinganaje?

Kijana wa Nansio:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Buhongwa, nafundisha Historia na Kiswahili. Kabla ya ualimu nilipita seminari kuu, nikasoma falsafa miaka mitatu, nikaondoka kwa amani na baraka za mlezi wangu, kisha nikachukua shahada ya ualimu hapahapa Mwanza. GPA yangu ni 3.6. Miaka inakwenda lakini falsafa haijanitoka. Nikimaliza kusahihisha madaftari usiku narudi kwa Aristotle na Mtakatifu Thomas wa Akwino, na sasa nimeamua kutafuta masta.

Nina karatasi za programu tatu mezani. Ya hapa nchini inasema krediti 180. Ya Leuven, Ubelgiji, inasema 60. Ya Marekani inasema 30. Mkuu wangu wa shule, mtu mzima ninayemheshimu, amezitazama akasema ile ya 30 ni kama cheti cha semina, na kwamba nikirudi nayo TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wataniuliza krediti nyingine 150 ziko wapi. Mke wangu naye anasema afadhali ya hapa, maana ndiyo nzito.

Naomba mnisaidie. Hizo namba zinalinganaje kweli? Miaka yangu ya seminari inaweza kuhesabiwa popote? Na je, nichukue njia ya tasnifu peke yake, bila madarasa, ili niendelee kufundisha? Watoto wanasoma, mshahara siwezi kuuacha kirahisi.

Baba Kulwa:

Mdogo wangu, hongera kwa kiu ya elimu. Mimi si mwanafalsafa, niko kwenye samaki huku Igombe, lakini nimesomesha. Kabla ya krediti uliza nani analipa, na pata barua ya ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri wako mapema. Jirani yangu mwalimu alipata chuo akaondoka bila barua. Aliporudi nafasi yake ilikuwa imeshajazwa. Hilo ndilo langu, wasomi watakujibu mengine.

Mama Mkuyuni:

Kaka wa Nansio, karibu. Nafundisha mantiki na maadili chuoni, na masta yangu niliisomea Marekani, kwa hiyo swali lako nalijua kutoka ndani. Nitaandika kwa urefu kwa sababu wanafunzi wangu wananiuliza jambo hili kila mwaka, na wengi wao wamekwisha kujibiwa vibaya huko walikotoka.

Mkuu wako wa shule mwambie kwa heshima zote kwamba namba hizo tatu hazikupimwa kwa kipimo kimoja. Ni kama mwaloni Kirumba: huwezi kulinganisha madebe ya huyu na magunia ya yule mpaka ujue gunia linaingia madebe mangapi. Krediti ya TCU ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani, maktaba, kuandika na mtihani, vyote humo. Masta ni krediti zisizopungua 180, yaani saa 1,800. Krediti ya Ulaya, ile wanayoiandika ECTS, ni saa 25 hadi 30, na 60 ni mwaka mmoja kamili wa masomo. Piga hesabu: saa 1,500 hadi 1,800. Ya Marekani inahesabiwa kwa saa moja ya darasani kila wiki katika muhula wa wiki 15 hivi, na kila saa ya darasani wanategemea uiongezee mbili za kusoma peke yako. Hizo ni saa 45 kwa krediti moja. Mara 30, unapata 1,350. Tena masta nyingi za falsafa kule zinataka 30 hadi 36, kwa hiyo pengo linazidi kupungua. Waingereza wao wana 180 kama sisi, kila moja saa 10.

Kwa hiyo hakuna krediti 150 zilizopotea. TCU wanapotambua shahada ya nje swali lao ni kama chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake na kama shahada ni ya ngazi ya masta kweli, ngazi ya 9 kwenye mfumo wetu. Hata jina la shahada lisikutishe. Oxford wana shahada ya falsafa inayoitwa BPhil. Ukisikia jina utadhani ni bachela, lakini ni ya uzamili, ya miaka miwili, na inaishia na tasnifu ya maneno hadi 30,000. Kwasi Wiredu wa Ghana aliipata mwaka 1960 akisimamiwa na Gilbert Ryle, mwanafalsafa wa Oxford, na sote tunajua alichokuja kuifanyia falsafa ya Afrika.

Hayo ya hesabu nimeyamaliza. Sasa naomba tukae hapa, maana hapa ndipo watu wanapopotea: saa hizo zimegawanywaje? Uingereza kwa kawaida 120 ni za masomo ya darasani na 60 ni za tasnifu. Marekani programu nyingi zinakuruhusu kumaliza kwa kozi kumi za krediti tatu tatu bila tasnifu kabisa, au kozi nane na tasnifu ya krediti sita. Leuven masta ya kawaida ni mwaka mmoja, na wana nyingine ya utafiti ya miaka miwili yenye 120. Sisi hapa tuna njia ya madarasa na tasnifu, na njia ya tasnifu peke yake.

Hiyo ya tasnifu peke yake, kaka, usiichukue. Kwa mtu wa kilimo au takwimu aliyekwisha fanya utafiti kazini inaweza kumfaa. Falsafa haina hojaji za kusambaza Nyamagana na Ilemela halafu ukarudi na majedwali. Data yako ni hoja, na hoja hujui kama inasimama mpaka mtu aliyesoma kuliko wewe aisukume mbele ya macho yako. Semina ya masta inakutana mara moja kwa wiki, karibu saa tatu, watu kumi hivi mezani. Mmesoma kurasa 30 au 40, na ukizisoma mara moja tu itajulikana. Nilikaa semina ya Kant ambayo kipindi kizima kiliishia kwenye kurasa chache za sehemu ya kitabu chake, Critique of Pure Reason, aliyoiandika mwaka 1781 na kuiandika upya toleo la 1787. Mwalimu alikuwa anauliza swali lilelile kila mmoja wetu akifungua mdomo: dai lipi hapo unalikataa, na kwa nini? Usiporidhika unasema, usipoelewa unasema, na mwisho wa muhula unaandika insha ya maneno elfu tano au sita ambayo inarudi imejaa wino. Mambo haya huwezi kuyapata Buhongwa usiku na taa, hata uwe na akili kiasi gani. Nimewapokea vijana waliopita njia ya tasnifu tupu, wanajua mada moja hadi mzizi, lakini ukiwauliza Hume alimjibu nani wanatazama dari.

Pia hesabu muda wako kwa ukweli. Ukitenga saa tatu kila jioni, siku tano za wiki, ni saa 15. Saa 1,800 zitakula wiki 120. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili bila likizo, bila msiba, bila mtihani wa mock wa kidato cha nne. Usikubali mtu akuambie utaimaliza kwa mwaka mmoja huku unafundisha vipindi 24.

Halafu angalia kozi zenyewe. Programu nzito ya Marekani haikuachii uchague unachopenda tu. Inakutaka uwe na historia ya falsafa, ya kale na ya karne ya 17 na 18, uwe na metafizikia na nadharia ya maarifa, uwe na maadili au falsafa ya siasa, na uwe na mantiki. Hiyo mantiki ndiyo inayowaangusha waliotoka seminari. Ninyi mmefundishwa silojia za Aristotle, zile hoja za madai mawili na hitimisho, na mnazijua vizuri kuliko Wamarekani wengi. Lakini tangu Mjerumani Frege mwaka 1879 mantiki imekwenda mbali, na kozi ya masta inaweza kukutaka uthibitishe jambo alilolithibitisha Gödel kwenye tasnifu yake ya mwaka 1929, kwamba katika mantiki ya "kila" na "kuna", chochote kinachofuata kwa lazima kinaweza kuthibitishwa kwa kanuni zake. Anza sasa. Kitabu chochote cha utangulizi chenye mazoezi na majibu kinatosha. Fanya zoezi moja kila siku kwa kalamu, usilisome kama gazeti.

Na jambo moja la mwisho ambalo linaniuma. Soma orodha ya kozi uone falsafa ya Afrika imewekwa wapi. Kama ipo kwenye kundi la kozi za ziada tu, ambazo hazihesabiwi kwenye masharti ya kumaliza, basi ujue utaisoma kwa muda wako. Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya, mtoto wa upande wa pili wa ziwa letu hili, alisoma Uppsala, akarudi kufundisha Nairobi akakaa na wazee wa vijijini akiwahoji kama wanavyohojiwa wanafalsafa, akitafuta wale wanaofikiri kwa kujitegemea na kuikosoa hata mila yao wenyewe. Kazi ya namna hiyo kwa wazee wa Usukuma na Ukerewe bado inasubiri watu. Wewe ni Mkerewe, una lugha, una Aristotle. Ukienda kwenye programu ambayo haina mtu hata mmoja wa kukusimamia kwenye jambo hilo, umejifungia mlango wa maana.

Kijana wa Nansio:

Shikamoo mwalimu. Nimeisoma mara mbili, na mke wangu nimemsomea ile sehemu ya saa. Tumekubaliana kwamba habari ya 30 dhidi ya 180 imekwisha. Lakini sasa nimechanganyikiwa kwenye seminari. Miaka mitatu ile nilisoma metafizikia, kosmolojia, maadili, historia yote kuanzia Wagiriki, na Kilatini. Ni kazi ya bure? Na nikifika mbele, PhD nayo ina krediti?

Ng'ambo ya Ziwa:

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu yangu, mimi ni padre, niko upande wa Bukoba, na nimefundisha falsafa kwa waseminari, kwa hiyo hilo la seminari niachie mimi.

Si kazi ya bure hata kidogo, ila itategemea ulitoka na karatasi gani. Kanisa lina ngazi zake: bakalorea, lisensia, udaktari. Kwa falsafa, bakalorea ilikuwa miaka miwili, na tangu amri ya Vatikani ya mwaka 2011 ikawa mitatu. Lisensia ni miwili juu yake, na hiyo ndiyo inayokaa sawa na masta. Katiba ya kitume Veritatis Gaudium ya mwaka 2017 imeendelea na mpango huohuo. Seminari nyingi kuu za Afrika zimeunganishwa na chuo kikuu cha kipapa, hasa Urbaniana cha Roma. Kama yako ilikuwa imeunganishwa kwa falsafa na ulifanya mtihani wa mwisho, unayo bakalorea na unaweza kuomba lisensia moja kwa moja. Kama haikuwa, una diploma ya seminari au una alama tu.

Vyovyote iwavyo, mwandikie gombera, yaani mkuu, wa seminari yako akupe transkripti yenye saa za kila somo, si alama peke yake. Kamati ya udahili ikiona "Metafizikia, 75" haijui ilikuwa wiki mbili au mwaka mzima. Ila elewa jambo moja: krediti za seminari ni za ngazi ya shahada ya kwanza. Hazitapunguza hata krediti moja kwenye masta. Zitakachofanya ni kuonyesha kwamba una msingi, maana shahada yako ya ualimu peke yake haionyeshi falsafa. Leuven, kwa mfano, wana shahada ya kwanza iliyofupishwa kwa watu waliotoka fani nyingine. Ukiwa na transkripti nzuri ya seminari unaweza kuomba usipitishwe huko.

Kilatini kitunze. Lisensia wanakitaka, na ukitaka kuandika juu ya Thomas huwezi kukikwepa popote.

Mwana Sengerema:

Niongezee kidogo kwa sababu mimi nilitafuta Afrika Kusini na Ujerumani kabla ya kupata kazi Geita.

Afrika Kusini masta ni krediti 180 na kila moja ni saa 10 kama hapa, kwa hiyo ukitazama utadhani ni mlango uleule. Lakini wao shahada ya kwanza ya miaka mitatu haikupeleki kwenye masta. Katikati kuna mwaka wa honazi, krediti 120. Ukiomba na shahada yetu ya miaka mitatu jiandae kuambiwa uanze hapo.

Ujerumani masta ni 120 za Ulaya, miaka miwili, na vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kila muhula. Munich, kwenye chuo cha LMU, kuna masta ya mantiki na falsafa ya sayansi kwa Kiingereza. Kinachobana ni viza: unaonyesha pesa ya kujikimu ya mwaka mzima kwenye akaunti iliyozuiwa, ambayo unatoa kidogo kidogo kila mwezi, na mwaka 2024 iliwekwa kuwa euro 11,904. Bila ufadhili, kwa mshahara wa mwalimu, hapo ndipo safari inasimama. Kaka Baba Kulwa amesema kweli, pesa itangulie.

Mama Mkuyuni:

Marahaba kaka. Padre, ahsante sana, nilikuwa natafuta mtu wa kuieleza hiyo amri ya 2011 vizuri.

PhD: mfumo wa TCU unaweka krediti zisizopungua 540, yaani saa 5,400, na sehemu kubwa ni tasnifu. Uingereza kwa kawaida hawahesabu krediti kwenye PhD ya falsafa, unapewa msimamizi na miaka mitatu hadi minne unaandika. Marekani wanaanza na miaka miwili hivi ya kozi, kisha mitihani ya kufuzu, kisha pendekezo la tasnifu, ndipo tasnifu. Jumla mara nyingi iko kati ya krediti 60 na 90, tasnifu ikiwemo, na vyuo vingine vinakuhesabia sehemu ya masta yako. Baadhi bado vinataka usome lugha: Kigiriki, Kilatini, Kijerumani au Kifaransa. Padre amekwambia ukitunze Kilatini, naunga mkono kwa mikono miwili.

Kuna jambo watu wa hapa hawalijui, na linawahusu wenye watoto na mshahara mdogo kama wewe. PhD ya Marekani unaweza kuiomba na shahada ya kwanza tu, na idara nyingi zinazokuchukua zinalipa ada yote na kukupa posho ya kujikimu, wewe ukisaidia kufundisha. Masta kwa kawaida unalipia mwenyewe, ingawa zipo idara zenye masta pekee ambazo zinawapa wanafunzi kazi ya kufundisha na kuwaondolea ada, na hizo zinawafaa hasa watu wa aina yako, wenye akili ya falsafa lakini karatasi zao ni za fani nyingine. Ningekuwa wewe ningeanza na hizo. Kuingia ni kugumu, sikufichi. Na ukiingia, usiache insha za muhula zikarundikana. Kule unaweza kumwomba mwalimu akuachie kozi wazi umalizie baadaye, na nimeona watu wenye akili nyingi wakibeba kozi tatu za namna hiyo mpaka zikawazamisha.

Na usiipite Makerere bila kuitazama. Iko ng'ambo ya ziwa, ina idara ya falsafa ya siku nyingi, na mke wako hatakuona umepotelea mbali.

Kijana wa Nansio:

Mwalimu, Padre, na ndugu wote, Mungu awabariki. Gombera nitamwandikia kesho asubuhi. Swali la mwisho: wanaomba barua tatu za kunidhamini na insha ya mfano. Mkuu wangu wa shule yuko tayari kuandika barua. Na insha nina ile ya mwaka wa mwisho chuoni, juu ya Vita vya Majimaji.

Mama Mkuyuni:

Barua ya mkuu wa shule iwe ya tatu, au isiwepo kabisa. Atasema wewe ni mwaminifu na unawahi kazini, na ni kweli, lakini kamati inataka mtu aliyekuona ukitetea hoja. Tafuta waliokufundisha falsafa seminari. Kama wamehamishwa parokia za mbali, Padre wa hapa anajua namna ya kuwapata.

Insha ya Majimaji iache kabatini. Andika mpya, kurasa 15 hadi 20, swali moja tu. Usimweleze Thomas tangu kuzaliwa hadi kufa. Chukua hoja yake moja, iandike kwa nguvu zake zote kama yeye angeiandika, kisha onyesha pale unapoona haisimami, kisha mpe nafasi akujibu. Idara nyingi za Marekani zinafunga maombi kati ya Desemba na Januari, kwa hiyo rasimu ya kwanza iwe tayari kabla ya mwisho wa Septemba. Ilete kwangu niisome, nipo ofisini kila Jumatano mchana, nami nitakuandikia pembeni kila ninapokwama.

Ng'ambo ya Ziwa:

Na mimi nitumie nakala. Nukuu za Kilatini nitazikagua mwenyewe.